Arusha mpaka Pangani kwa baiskeli, na mahema mawili ya aina tofauti

Wanaojipanga kwenda safari ndefu ya baiskeli wananiuliza habari za hema kuliko wanavyoniuliza baiskeli, na naona wako sahihi kabisa, baiskeli yoyote nzima itakufikisha ila hema ndio linaamua utalala wapi na utaamkaje. Kwa hiyo safari ya mwishoni mwa Juni mimi na binamu yangu tukabeba aina mbili, kila mtu na lake, tukapita njia moja na kulala kiwanja kimoja. Hapa nimekusanya kutoka kwenye kidaftari na picha za simu.

Langu ni la taneli. Lina matao mawili yanayosimama sambamba, kubwa mbele dogo nyuma, unalivuta kwa vigingi mwanzo na mwisho ndio linasimama, ukitoa vigingi linalala chini hapo hapo. Nililinunua Arusha kwa Mjerumani aliyekuwa amemaliza safari yake, laki tatu na nusu. La binamu linasimama lenyewe, fito mbili zinapishana juu katikati, ukishazichomeka kwenye kona nne kazi imekwisha, unaweza kulinyanyua zima zima ukalihamishia kivulini. Uzito yanakaribiana, yote hayafiki kilo tatu, ila la taneli kwa uzito huo huo lina nafasi kubwa zaidi, baraza lake la mbele linameza mabegi yote ya karia na bado unapata pa kukaa ukavua viatu.

Jumamosi, Arusha – Moshi

Kilomita kama 80, sehemu kubwa mteremko, Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe. Chai ya maziwa na chapati mbili Usa River 1,500. Malori na mabasi ni mengi sana kipande hiki, tokeni alfajiri. Usiku tulilala ndani kwa shangazi maana alikataa kabisa kusikia habari za hema wakati nyumba ina vyumba, tukala machalari tukalala saa tatu.

Ushauri wa hapa: kabla hujatoka Moshi pita duka la vifaa vya ujenzi ununue misumari ya nchi sita, kumi hivi inatosha. Vile vigingi vyepesi vya alumini vinavyokuja na hema vimetengenezwa kwa ajili ya nyasi laini za Ulaya, ardhi ya kuanzia Mwanga kwenda Same mwezi wa sita imekauka na inapinda kigingi kwa pigo la pili. Msumari unaingia, na ukipinda unaunyoosha kwa jiwe.

Jumapili, Moshi – Same

Hii ndio siku iliyotutoa jasho. Himo, Mwanga, Lembeni, zaidi ya kilomita 100, na kuanzia saa nne asubuhi upepo unakupiga usoni bila kupumzika kwa sababu msimu huu unatoka kusini mashariki na wewe ndiko unakoelekea, kuna sehemu barabara inateremka na bado inabidi unyonge pedeli. Mwanga tulikula ugali na perege wa kukaanga 5,000, mama mwenye mgahawa akatujazia chupa zote maji ya kuchemsha na hela akakataa, akasema tumpitie tukirudi.

Same tulifika jua linazama. Katekista mmoja nje kidogo ya mji alituruhusu tulale uwanja wa kanisa, uwanja wazi, udongo mwekundu mgumu, miti michache ya mikwaju upande mmoja. Upepo pale ulikuwa unavuma hasa. Binamu akasimamisha la kwake kwa dakika tatu, akageuka kuchukua begi, hema likanyanyuka likabingirika mpaka kwenye uzio, mlinzi wa kanisa ndiye aliyelikamata. Hili nataka watu walielewe vizuri maana maduka hayalisemi: hema la kusimama lenyewe linasimama lenyewe, lakini halikai lenyewe. Kukiwa na upepo lazima lipigiwe vigingi kama jingine lolote, au kwanza uweke mabegi ndani ndipo uchomeke fito.

Langu lilichukua muda zaidi, ila nililielekeza mkia kwenye upepo, nikapiga misumari miwili nyuma, nikavuta mbele, likatulia. Upepo unateleza juu ya matao unaendelea na safari yake. La binamu jirani lilikuwa linapigapiga na ile fito ya upande wa upepo inapinda inarudi, inapinda inarudi. Saa mbili usiku nilikuwa nimeshaamua kwamba mjadala umekwisha, taneli ndio hema.

Kumbe usiku wa manane upepo uligeuka, ukaanza kushuka kutoka milima ya Upare na kupiga ubavuni, na ubavu ndio udhaifu wa taneli, matao yanasimama sambamba hakuna kinachoyazuia kulala upande mmoja isipokuwa kamba. Ukuta ukaja mpaka usoni. Nikatoka na tochi, nikafunga zile kamba za pembeni, mbili kila upande, moja nikaipeleka mpaka kwenye shina la mkwaju, hema likakaa sawa nikalala mpaka asubuhi. Kwa hiyo mwenye taneli azifunge kamba za pembeni jioni hiyo hiyo hata kama anaona upepo unatoka sehemu moja tu, hasa ukilala chini ya mlima.

Jumatatu, Same – karibu na Hedaru

Fupi kwa makusudi, miguu ilikuwa imechoka. Makanya tukapumzika, chai na mihogo ya kukaanga 1,000. Pancha mbili za miiba ile midogo ya pembeni ya barabara, na miiba hiyo hiyo inatoboa sakafu ya hema, kwa hiyo tandika kwanza kitu chini. Sisi tulikata turubai la bluu kwa kipimo cha hema, mita mbili za turubai hazizidi elfu kumi na zinaokoa kitu cha laki kadhaa.

Ukiingia kijijini nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti au ofisi ya mtendaji, usijifiche porini. Sisi tulielekezwa kwa mwenyekiti, mzee mmoja mpole, tukamwamkia, akatuuliza tunatoka wapi na baiskeli za watu au zetu, akacheka, akasema shule imefungwa nendeni mkalale kwenye baraza la darasa, akampigia mwalimu simu. Na hapo ndipo mawazo yangu ya Same yalipoanza kugeuka.

Baraza ni sakafu ya saruji. Hakuna pa kupiga msumari. Binamu alichomeka chumba cha ndani peke yake, kile chenye wavu, bila flai, kile kitambaa cha nje cha kuzuia mvua, maana juu kuna bati, dakika mbili ana chandarua kamili na upepo unapita. Mimi nikafunga mkia kwenye nguzo ya baraza, mbele nikawa natafuta cha kufungia, baiskeli ikawa nyepesi inavutwa, mawe hakuna. Watoto wa mwalimu walikuwa wanatuangalia, mmoja wa kike kama miaka kumi akaondoka akarudi na mwenzake wamebeba ndoo ya maji ya lita 20, wakaiweka, wakaenda kuleta ya pili. Kamba zikafungwa kwenye mishikio ya ndoo, hema likasimama. Asubuhi maji yale yale tukayatumia kuoga na kumwagilia miche ya miti ya shule, mwalimu akafurahi. Usiku huo alituletea wali na maharage kwenye hotpoti, tukampa sukari kilo mbili tuliyonunua dukani, alikataa mara mbili ndipo akapokea.

Sasa fikiria mwenyewe, kwenye barabara zetu mtu anayekukaribisha anakupeleka wapi? Baraza la shule, ukumbi wa kanisa, veranda ya zahanati, uwanja wa kituo cha polisi uliowekwa pevingi. Watu wanakupa mahali pao pazuri zaidi, na mahali pao pazuri zaidi pana saruji. Kuwaambia hapana naomba nikalale kule kwenye udongo ni kama kuikataa karibu yao, na kule kwenye udongo ndiko ng'ombe wanakopita. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko upepo.

Jumanne, Hedaru – Mombo – Lushoto

Mpaka Mombo ni mashamba ya katani na tambarare, milima ya Usambara inakutazama kushoto. Mombo mabasi mengi yanasimama kula kwa hiyo chakula kipo saa zote, chipsi mayai 3,000, jaza tumbo hapo. Kisha unakata kushoto na kupanda kilomita 33, kutoka chini ya mita 500 mpaka karibu mita 1,400, lami nyembamba yenye kona, na mabasi yanashuka kwa kasi, washa taa ya nyuma hata mchana. Maporomoko ya Soni yapo karibu na barabara kabisa, tulisimama tukanunua matunda kwa watoto, bakuli 1,000. Juu ya Soni ukungu ukaanza, halafu manyunyu, halafu mvua.

Tulipiga kambi kwenye bustani ya shamba moja nje ya Lushoto, 15,000 kila mtu, choo safi, maji ya moto yapo. Mvua inanyesha na giza linaingia. Hapa taneli lilinifurahisha sana. Chumba cha ndani kimening'inizwa ndani ya flai muda wote, unachomeka matao kwenye flai kwa nje, unavuta, na vyote viwili vinanyanyuka pamoja, ndani panabaki pakavu. Hilleberg, kampuni ya Sweden, ndio walioleta mtindo huu wa kusimamisha ndani na nje kwa pamoja, mwaka 1973, kwa watu wa milima ya baridi na mvua, na ukiwa Lushoto kwenye mvua ya jioni unawashukuru. La binamu linaanza na chumba cha ndani, flai inafuata juu yake, na katika zile dakika tatu sakafu ilishakusanya maji, akafuta kwa taulo akakamua, akafuta tena. Tulichofanya usiku wa pili ni mimi kushika flai juu kama mwavuli huku yeye anachomeka fito chini yake, inawezekana lakini inataka watu wawili. Yapo mahema ya kusimama lenyewe ambayo fito zake zinapita kwenye flai, hayo hayana shida hii, kwa hiyo ukinunua uliza hilo swali.

Jambo jingine la mvua: kitambaa cha nailoni kikilowa kinalegea, cha poliesta hakilegei hivyo. Langu ni nailoni, saa nne usiku flai ilikuwa imegusa chumba cha ndani na ilibidi nitoke nikaze kamba zote. La kusimama lenyewe linategemea fito zaidi kwa umbo lake kwa hiyo halikusumbua sana. Na tafadhali msipike ndani ya baraza la hema huku zipu imefungwa, hata kama mvua inapiga, hewa ya moto wa jiko inaua mtu kimya kimya. Sisi tulipika chini ya paa la banda la shamba.

Jumatano, Lushoto

Mapumziko. Tukapanda Irente kuangalia bonde, unasimama ukingoni na nyanda zote kule chini ya Mazinde zinaonekana, tulikaa pale mpaka ukungu ukafunga. Mkate, jamu na jibini ya pale pale shambani, tulikula mpaka tukaona aibu.

Kazi kubwa ya siku ilikuwa fito. Asubuhi niliona moja ya binamu imepasuka kwenye maungio, naamini ni ule upepo wa Same. Watengenezaji huwa wanaweka kijibomba kifupi cha kufunikia mpasuko ila cha kwake hakikuwepo. Sokoni Lushoto tukamkuta fundi redio, kaka mmoja mwenye subira, akachukua antena kuukuu ya tivii, akapima matundu yake mpaka akapata bomba linaloingia fito bila kuchezacheza, akakata sentimita kama kumi na mbili, akasugua kingo zisichane kitambaa, tukavuta tukafunga na tepu ya umeme kila upande. 2,000 tu. Imefika Pangani na bado ipo. Beba tepu na kipande cha bomba kabla hujatoka nyumbani, na angalia fito zako zikikunjwa zina urefu gani, za kwangu ni sentimita 48 hazikai kwenye begi la usukani, zinakaa juu ya karia zimefungwa na mpira.

Alhamisi, Lushoto – Korogwe

Kushuka breki zinanuka, simama zipoe. Chini joto linakupokea ghafla. Korogwe tulichukua gesti 15,000, chumba kizuri, ila chandarua kilikuwa na matundu makubwa na mbu wa Korogwe hawana huruma. Binamu akasimamisha chumba chake cha ndani juu ya godoro, tukalala humo wawili na feni inapuliza kupitia wavu. Taneli haliwezi hilo, lilibaki limekunjwa kwenye begi usiku wote.

Ijumaa, Korogwe – Tanga

Hale, Muheza, machungwa pembeni ya barabara kila hatua, matano kwa 1,000, mengine tuliongezewa bure. Njia ina vilima vidogo vidogo lakini inakwenda. Tanga mjini ni raha kwa mwendesha baiskeli, mji umezoea, wazee kwa vijana wako juu ya baiskeli na madereva wanakuhesabu kama chombo cha barabarani. Bajia na chai ya tangawizi kando ya barabara, tukalala kwa rafiki.

Jumamosi, Tanga – pwani ya Kigombe

Tulibadilishana mahema, mimi nikabeba la binamu yeye akabeba langu. Barabara ya Pangani ilikuwa na vumbi na vipande vya ujenzi, nenda taratibu. Karibu na Kigombe tuliomba kwa wavuvi, wakatuonyesha mahali chini ya minazi, kisha mzee mmoja akatusogeza tena kwanza kutoka chini ya mnazi wenyewe, nazi ikianguka haina salamu, pili juu zaidi kutoka kwenye maji kwa sababu alisema mwezi umekuwa mpevu na hilo ni bamvua, maji yatapanda kuliko tunavyoyaona. Yalipanda kweli, asubuhi alama ya maji ilikuwa imepita pale tulipokuwa tumeweka baiskeli mwanzo. Mnaopiga kambi pwani, angalieni mwezi kwanza.

Mchanga haushiki msumari wala kigingi. Mimi niliweka mabegi ndani kwenye kona nne za hema la kusimama lenyewe, nikamaliza, nikaenda kununua samaki. Binamu na taneli ilibidi ajaze viroba vya unga mchanga na kuvifukia, kisha yule mzee akamfundisha njia nzuri zaidi, unachukua kipande cha mti kama mkono, unafunga kamba katikati yake, unakilaza kwenye shimo lenye kina cha goti na unakifukia kikiwa kimelala kukingamia kamba. Haking'oki. Vipande vinne, kama dakika arobaini. Ukishafunga hivyo taneli linakaa imara kuliko la kusimama lenyewe, kusi ilipuliza usiku mzima na halikutikisika, hilo nililolala mimi lilikuwa linatetemeka kidogo. Tukala changu wa kuchoma na wali wa nazi, 6,000 kila mtu, chini ya ule ule mnazi tuliokatazwa kulala.

Basi nikiulizwa sasa nasema hivi. Njia za lami na vijiji, Arusha, Tanga, pwani yote, Mombasa, Kigoma, nunua la kusimama lenyewe, tena lenye chumba cha ndani kinachosimama bila flai. Ukienda mahali pa wazi penye upepo mkali wa kudumu, mfano Loiyangalani kule Ziwa Turkana, au ukiwa unapanga kukaa milimani kwenye mvua, taneli ni bora na wawili mtakaa humo kwa raha zaidi. La kwangu siliuzi, ila safari ijayo ya kwenda Lindi nitaazima la binamu.

Jumapili, Pangani na kurudi

Pangani tulizunguka mji wa zamani, tukaangalia kivuko kinavyovuka kwenda Bweni, tukageuza. Kosta mpaka Tanga wakapakia baiskeli juu, 3,000 kila moja. Basi la Tanga kwenda Arusha konda alianza na 20,000 kwa baiskeli, tukaishia 10,000, toeni gurudumu la mbele na mgeuze usukani wenyewe kabla hajaanza kusukuma kwenye buti, na fito za hema msiziache zimefungwa kwenye karia, pandeni nazo ndani.

Mkifika nyumbani, hema lililolala pwani lisuuzeni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa zipu na maungio ya fito, mchanga na chumvi ndio vinaua zipu. Lianike kivulini siku mbili mpaka mishono ikauke ndipo mlikunje.